Jiwe la Asili Halina Namba

Mazungumzo ya leo ni ya jiwe, na jiwe lenyewe ni la kunolea wembe. Nikisema wembe nina maana ya ule wa kukunja, wenye mgongo mnene na mpini unaoyameza makali yake, ule waliokuwa nao vinyozi wa zamani. Sisemi wembe mwembamba wa dukani unaotumika leo ukatupwa kesho. Wembe wa kukunja umeanza kurudi mikononi mwa watu. Wapo wanaoununua mnadani, wapo walioukuta kwenye sanduku la babu, na karibu kila mmoja wao akishaushika huuliza swali lilelile: ninunue jiwe la namba ngapi?

Kwa jiwe la kiwandani swali hilo ni la haki kabisa. Kiwanda kinachuja chembe za kusagia, kinazipanga kwa ukubwa, kinazigandisha pamoja, kisha kinaandika juu yake 1000, au 4000, au 8000. Namba ikipanda chembe inapungua, na mnunuzi anajua analipia nini. Jiwe lililochimbwa ardhini halikupita kwenye chujio la mtu yeyote. Limefinyangwa na bahari, tope, joto na uzito wa milima, na vipande viwili vilivyotoka shimo moja vinaweza kuwa na tabia mbili. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba jiwe lake la asili ni namba 8000 anakisia tu, na mara nyingi anakisia kwa faida ya mfuko wake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa ajili ya namba, kisha wakakata tamaa na wembe wenyewe wakidhani mkono wao ndio mbovu. Jiwe la asili hujulikana kwa kusomwa: uso wake, ubavu wake, uzito wake, na zaidi ya yote namna linavyopatana na maji.

Nitalichukua jiwe moja nilieleze kwa kirefu, maana ukilielewa hilo mengine hayatakusumbua sana. Mashariki mwa Ubelgiji, kwenye vilima vya Ardennes, karibu na Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux, kuna mwamba wa zambarau unaoelekea buluu, na ndani yake mna mishipa ya jiwe la manjano. Wenyeji huliita coticule. Mishipa mingi ina unene wa sentimita chache tu, na wachimbaji waliipa kila mmoja jina lake: La Veinette, La Dressante, La Grise, Les Latneuses. Kwa kuwa jiwe hilo la manjano ni jembamba na huvunjika upesi, mafundi hulibandika juu ya ubao wa sleti ili lipate mgongo wa kulibeba. Mara chache hupatikana kipande ambacho manjano na buluu vimeungana vyenyewe tangu ardhini, na hicho huachwa kama kilivyo.

Mwamba huo ulianza kama tope la sakafu ya bahari, yapata miaka milioni 480 iliyopita. Tope lilikuwa na madini mengi ya manganizi. Likafunikwa, likakandamizwa, likapikwa na joto la ardhi, na ndani yake zikaota garneti. Ndiyo, garneti, kito ambacho wasikilizaji wa Tanzania na Kenya wanakifahamu vizuri. Ile ya kijani, tsavoraiti, iligunduliwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 na ikapewa jina la mbuga ya Tsavo. Ile ya rangi ya chungwa iliyopatikana Loliondo mwaka 2007 huitwa spesatini, na hiyo hasa ndiyo aina iliyomo ndani ya jiwe la Ubelgiji. Tofauti ni ukubwa. Ya Loliondo hukatwa na sonara ikavaliwa kidoleni, ya Ardennes ina mikroni 5 hadi 15 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe hizo hujaza theluthi ya jiwe au zaidi, zimelala ndani ya ulanga laini, madini yaleyale yaliyokuwa yakichimbwa milima ya Uluguru enzi za ukoloni.

Sasa hesabu mwenyewe. Chembe ya mikroni 10 kwa vipimo vya kiwanda ni chembe ya jiwe la kati, jiwe la kisu cha jikoni. Kwa namba peke yake ungeliweka pembeni ukatafuta jingine. Lakini vinyozi wa Ulaya na Marekani walinyoa watu kwa makali yaliyomalizwa kwenye jiwe hili kwa vizazi na vizazi, na ngozi haikulalamika. Sababu iko kwenye umbo. Garneti ina nyuso nyingi na pembe zake ni butu. Haichimbi chuma kwa ncha, inakikwangua kwa upana, na mkwaruzo unaobaki hauna kina. Halafu ulanga ulioizunguka unaiachia garneti ichomoze kidogo tu juu ya uso. Ndipo makali yanatoka laini kwenye shavu ingawa chembe yenyewe ni kubwa. Hapo ukubwa wa chembe haukwambii kitu, na namba inayopima ukubwa peke yake inakupoteza.

Maji nayo yana habari yake, na hapa naomba usikilize taratibu. Jiwe la Ubelgiji huuzwa pamoja na kijiwe kidogo cha aina hiyohiyo. Unamwaga maji kidogo juu ya jiwe kubwa, unasugua kwa kile kidogo, na uso unatoa uji mweupe mzito. Ndani ya uji huo garneti zimeachiliwa, zinabingirika kati ya chuma na jiwe, na kazi inakwenda haraka. Unalaza wembe kwa ubapa wake, mgongo na makali vyote vigusane na jiwe, unausukuma makali yakitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo na kurudi. Usiugeuze kwa makali hata mara moja. Uji utaanza kuwa wa kijivu: hicho ni chuma cha wembe wako kikiondoka.

Ila uji huo unaofanya kazi haraka una gharama yake. Kila makali yanapousukuma uji, yanagongana na garneti zinazoelea, na ncha yenyewe ya makali inalegea kidogo. Kwa hiyo ukibaki kwenye uji mzito wembe unafika mahali hauongezeki ukali tena, hata ukinoa mpaka jua lizame. Dawa yake ni maji. Unaongeza tone moja, unapitisha wembe mara kadhaa, unaongeza tone jingine. Uji unapungua, unakuwa mwepesi, unakuwa maji yenye utusitusi, na mwisho unakuwa maji matupu. Unafika hapo jiwe likiwa halikubadilishwa, wembe haukubadilishwa, na tayari umepita kwenye kazi ambazo kiwanda kingekuuzia mawe matatu kuzifanya.

Mkono na sikio vinakuambia ulipofika. Mwanzo unasikia mchakacho wa mchanga laini. Katikati sauti inapungua. Mwishoni, kwenye maji matupu, wembe unaanza kulishika jiwe kana kwamba hautaki kuondoka, na maji yaliyo mbele ya makali yanapanda juu ya ubapa badala ya kukimbilia chini yake. Maji yanayopita chini yanakueleza kwamba mahali hapo makali hayajagusa jiwe. Yanayopanda juu yanakueleza kwamba makali yamegusa, na yamegusa sawasawa kutoka kisigino cha wembe hadi ncha. Mimi naiamini alama hii kuliko kipimo chochote cha kununua.

Mawe ya namna hii yana historia ndefu na vinyozi. Plinius, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliandika kuhusu mawe ya kunolea yaliyotaka mafuta, mengine maji, na mengine yaliyotumiwa na vinyozi kwa mate. Baadaye sana, karne ya 19, mawe ya Ardennes yalisafirishwa hadi ng'ambo ya Atlantiki. Kilichoyaangusha ni wembe wa kutupa. King Camp Gillette alianza kuuza wembe wake mwaka 1903, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Marekani likawagawia askari wake nyembe za namna hiyo kwa mamilioni. Askari walirudi nyumbani wakiwa hawahitaji jiwe. Machimbo ya Ubelgiji yakafungwa moja baada ya jingine. Uchimbaji unaoendelea leo ni mdogo, na Salmchâteau kuna makumbusho ya jiwe hilo.

Tuje kwenye kulitambua jiwe, maana wengi wenu hamtanunua jipya. Mtakuta la zamani, limepakwa mafuta, limechafuka, halina sanduku wala karatasi. Kwanza lioshe. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, acha lilale humo usiku mmoja, sugua kwa brashi. Rangi ya jiwe lenye mafuta ya miaka ni rangi ya mafuta, na watu wengi wameliita jiwe jeusi jiwe ambalo lilikuwa la manjano.

Kisha tazama ubavu. Manjano juu na zambarau au kijivu chini ni dalili nzuri ya Ubelgiji. Uliza tu kama tabaka hizo zimebandikwa au zimezaliwa pamoja: gundi ina mstari ulionyooka kabisa, maumbile yanayumba. Sugua utoe uji. Jiwe la manjano la Ubelgiji linatoa uji mweupe. Lile la buluu linalolizunguka, ambalo nalo hunoa ingawa polepole zaidi, uji wake una wekundu wa zambarau kwa ajili ya madini ya chuma yaliyomo. Mawe ya Thuringia huko Ujerumani ni sleti laini sana ya kijani kibichi, kijivu au buluu iliyokolea. Kampuni ya Escher ya Sonneberg iliyauza duniani kote, na lebo yake peke yake leo hupandisha bei ya jiwe. Lebo ni karatasi, huhamishwa. Uji wa jiwe hilo ni mweupe au kijivu chepesi hata jiwe lenyewe likiwa la giza, na uji hauwezi kuhamishwa.

Yako mawe yasiyotoa uji kirahisi, na hayo yanataka mizani. Katika milima ya Ouachita, jimbo la Arkansas nchini Marekani, huchimbwa novakulaiti, mwamba ambao karibu wote ni silika, mgumu kuliko chuma cha wembe. Wenyeji wa asili wa nchi ile waliutumia kuchongea ncha za mishale na mikuki muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuunolea wembe. Kuna novakulaiti yenye vitundu, ambayo ni ya visu, na kuna iliyoshikana sana, ambayo ndiyo ya wembe. Kwa macho unaweza kudanganyika. Lipime jiwe kwa mizani ya jikoni. Halafu weka bakuli la maji juu ya mizani hiyo, rudisha mizani kwenye sifuri, lifunge jiwe kwa uzi na ulizamishe lote bila kugusa chini. Namba itakayojitokeza ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Tuseme jiwe lina gramu 520 na mizani ikaonyesha 200: umepata 2.6, na hapo umekaribia kwatsi safi, yaani silika tupu, ambayo ni 2.65. Jiwe hilo limebanana vizuri. Ukipata 2.3, lipeleke jikoni, litakunolea visu kwa uaminifu.

Washa pia tochi nyuma ya ukingo wake. Novakulaiti iliyo safi hupitisha mwanga, na ni jambo la kupendeza kuona jiwe zito namna ile likiwaka pembeni. Mwanga lakini hauthibitishi makali. Iko nyeusi isiyopitisha chochote na inanoa vilevile. Na hapa namba inashindwa tena, kwa sababu uso wa jiwe hili unautengeneza wewe. Ukiusugua kwa msasa wa kukwaruza, jiwe linakula chuma. Ukiusugua kwa msasa laini kisha ukautumia mpaka ung'ae, jiwe lilelile linasafisha makali na kuyakamilisha. Mafuta mepesi au maji yenye sabuni kidogo vinatosha.

Japani wana utaratibu wao, nao ni wa hali ya juu. Mawe ya kumalizia nyembe hutoka vilima vya Kyoto, penye machimbo kama Nakayama ambayo mengi yao yamefungwa, na hutumiwa pamoja na vijiwe vya nagura kutoka Mikawa, kila kimoja na uji wake: Botan, Tenjo, Mejiro, Koma. Bei zake ni kubwa mno, na kwa anayeanza sioni sababu ya kukimbilia huko.

Na mawe ya kwetu je? Kinoo cha mtoni ambacho kila nyumba ya mashambani inacho kwa ajili ya panga na jembe ni jiwe zuri kwa kazi yake. Mengi ni mchanga ulioganda, na punje moja ya mchanga inatosha kuyapasua makali ya wembe. Lakini nchi zetu zina miamba ya kila namna, na sioni ubaya wa mtu mwenye subira kutafuta. Chukua jiwe lililo laini na lenye rangi moja. Litone siki: likitoa povu lina chokaa, na chokaa ni laini kuliko chuma. Ligonge kwa kucha: linalolia safi halina ufa, linalotoa sauti mfu limepasuka ndani. Pitisha ukucha juu ya uso wote ukiwa umefumba macho, kisha litazame kwa kioo cha kukuzia. Usilijaribu kwa wembe. Lijaribu kwa kisu kizee, ukitafuta mkwaruzo mmoja uliozidi mingine. Ukiuona, ndani ya jiwe hilo kuna adui, na wembe wako usifike hapo.

Kuna jambo sitalipitia haraka. Jiwe lolote la asili linahitaji kusawazishwa, na watu hulisugua kavu kwenye saruji au kwa mashine. Vumbi la silika linaua mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika namna hiyo hayarudi. Bandika msasa wa maji juu ya kioo kinene, lisugue jiwe huku maji yakitiririka, osha mikono na osha meza kabla halijakauka. Chora mistari ya penseli juu ya uso mzima kabla ya kuanza. Mistari yote ikifutika, jiwe limenyooka.

Wala jiwe la asili si la kuanzia. Wembe wenye pengo, kutu au makali yaliyokufa utahitaji kwanza jiwe la kiwandani la namba 1000 liyajenge makali upya, na hapo kiwanda nakishukuru kwa moyo wote. Usimpelekee mnoaji wa gurudumu la baiskeli. Anaijua kazi yake ya visu na mapanga, lakini wembe ni mwembamba mno, na joto la gurudumu linaondoa ugumu wa chuma chake kwa sekunde chache. Wembe uliopoteza ugumu hakuna jiwe litakalourudisha. Pembe ya makali huna haja ya kuikadiria. Unene wa mgongo na upana wa bapa vimekwisha kuipanga, nyuzi 16 au 17 hivi kwa nyembe nyingi. Wewe laza tu, na usikandamize.

Na wembe huu ni wa mtu mmoja. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C hupitia damu, na jiwe wala ukanda wa ngozi unaopitishiwa wembe haviondoi virusi. Kinyozi wa dukani afungue wembe mpya mbele ya kila mteja. Wembe unaonolewa kwa jiwe ubaki nyumbani, kwa mwenyewe.

Ukimaliza kunoa, kausha wembe, simama chini ya taa na uyaelekeze makali juu. Makali butu hurudisha mwanga, utaona uzi mweupe au nukta zinazong'aa. Yaliyo tayari hayaonyeshi kitu. Kisha chukua unywele mmoja mrefu, uninginize, uguse makali. Ukikatika bila kuvutwa, pitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia safari hii, halafu nyoa shavu moja tu. Ngozi ikiwaka, rudi kwenye maji matupu ya jiwe, dakika tano, mkono mwepesi zaidi. Ukanda wa ngozi nao una mengi ya kusemwa, na utapata mazungumzo yake peke yake wiki ijayo, saa hiihii.